UZI: Palm ya mzee, infraredi na Linux. Nahitaji kutoa vipimo vya boti kabla betri hazijaisha

#1 · Mwanakibirizi · Kigoma

Wakuu, salaam.

Baba yangu ni fundi boti hapa mwaloni Kibirizi. Mwaka 2002 mtafiti mmoja wa samaki aliyekuwa akikodi boti zetu alimwachia Palm m105, kile kikompyuta cha mkononi, siku anaondoka. Mzee akaizoea kuliko daftari, maana kwenye kazi ya mbao na kalafati daftari halimalizi msimu. Kwa zaidi ya miaka kumi na tano ameandika humo vipimo vya kila boti aliyoiunda: urefu wa mkuku (uti wa chini wa boti), mataruma (mbavu zake) mangapi, mbao ya ubavu ina unene gani, mninga umetoka wapi. Ameandika pia boti ipi ilirudi inavuja na aliitibu vipi. Mimi na mdogo wangu ndio tunaoshika kazi sasa, na mambo yale hayako kwa mtu mwingine yeyote.

Waya wake wa kuunganisha na kompyuta ulikatika zamani. Kilichobaki ni kile kidirisha cheusi cha infraredi juu ya kifaa. Nina laptopu ya zamani, ThinkPad T42, yenye kidirisha kama hicho, nimeiwekea Debian 12 (aina ya Linux). Nikiandika `modprobe irda` naambiwa moduli haipo. `irattach`, programu ya kuiwasha infraredi, nayo haipo. Na tangu juzi Palm inatoa onyo la betri kila nikiiwasha.

Naombeni msaada wa haraka.

#2 · Kijana_Ujiji

Pole kaka. Kabla ya yote, piga picha kila ukurasa kwa simu. Hata kama Linux itakubali kesho, leo uwe na kitu mkononi.

#3 · Mwanakibirizi

Nimeanza, asante. Ziko kumbukumbu 340, na kioo ni cha nukta 160 kwa 160 tu, kwa hiyo kumbukumbu moja inakula picha nne au tano. Nimefika ya 60 nikaogopa kuimaliza betri. Nimezima.

#4 · Reli_ya_Kati · Tabora

Umefanya vizuri kuzima. Iache hivyo hivyo kwanza.

Mashine yako haina kosa. Infraredi ya IrDA, kawaida inayotumiwa na Palm yako, iliondolewa kwenye Linux. Mwaka 2017, kerneli (kiini cha Linux) 4.14, waliihamishia kwenye lile kapu la vitu vinavyosubiri hatima, na mwaka 2018, kerneli 4.17, wakaifuta kabisa kwa sababu hapakuwa na wa kuitunza. Debian 12 ina kerneli 6.1, kwa hiyo hata ukitafuta mwezi mzima hutaiona. Dawa ni kurudi nyuma. Mimi natumia Debian 7 ya mwaka 2013, kerneli 3.2, kwenye diski ya pembeni. Kwa T42 chagua kerneli yenye jina la 486. Ile ya 686-pae mara nyingi inagoma kwenye prosesa za Pentium M za rika hilo. Vifurushi vyake sasa viko kwenye ghala la zamani:

`deb http://archive.debian.org/debian wheezy main`

Saini zake zimepitwa na wakati, kwa hiyo:

`apt-get -o Acquire::Check-Valid-Until=false update`
`apt-get install irda-utils pilot-link`

Italalamika kuhusu funguo, kubali. Ukimaliza kupakua chomoa intaneti. Mfumo huo haupati tena viraka vya usalama, na kwa kazi hii hauhitaji mtandao.

Halafu ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla Linux haijawaka), tafuta Infrared, iwashe. Mara nyingi imezimwa ili namba zake zitumike kwingine. Ikiwaka hukaa mahali pa COM2: anwani 2F8, IRQ 3, na Linux huiita `/dev/ttyS1`.

Sasa nielewe vizuri hapa, kwa sababu wengi hupotea. `ttyS1` ni poti ya seriali ya kawaida iliyofungwa jicho la mwanga mahali pa waya. Kila baiti inatoka kwa biti kumi, ya kuanzia na ya kumalizia zikiwemo. Biti ya sifuri inamulika kwa sehemu 3 kati ya 16 za muda wake, biti ya moja inakaa giza. Kwenye kasi ya 115200 mmuliko mmoja ni maikrosekunde 1.63 hivi. Lakini Palm haizungumzi seriali tupu juu ya mwanga huo. Inataka itifaki nzima. Kwanza IrLAP inauliza kwa kasi ya 9600 "nani yupo hapa?", kifaa kinajibu kwa jina lake, wanapatana kasi, ndipo juu yake linawekwa tabaka la IrCOMM linalojifanya waya wa seriali. Kwa hiyo ukiielekeza pilot-xfer (programu ya pilot-link inayonakili Palm) kwenye `ttyS1` moja kwa moja utasubiri hadi asubuhi. Mlango wako ni `/dev/ircomm0`:

`modprobe irtty-sir`
`modprobe ircomm-tty`
`irattach /dev/ttyS1 -s`
`irdadump`

Kama `/dev/ircomm0` haipo, itengeneze: `mknod /dev/ircomm0 c 161 0`.

irdadump ndiyo macho yako. Ikionyesha mistari ya `xid:cmd` peke yake, unaita na hakuna anayeitika. Ukiona `xid:rsp` yenye jina la Palm, wamesikilizana. Usiguse pilot-xfer kabla ya kuona hiyo `rsp`.

#5 · Binti_Gungu · Kigoma

Kaka zangu, mimi simu yangu ina infraredi ya kubadilisha chaneli za TV. Haiwezi kusoma hiyo Palm bila kuhangaika na laptopu ya zamani? Au kile kipokezi cha rimoti cha shilingi elfu mbili tatu, kikafungwa kwenye USB?

#6 · FundiRedio · Tabora

Binti yangu, swali ni zuri na wengi wamepotezea hela hapo, ngoja nilieleze kwa utulivu.

Rimoti ya TV haimuliki hivi hivi. Inapepesa mwanga mara 38,000 kwa sekunde, na ujumbe umebebwa juu ya kupepesa huko. Kile kipokezi chenye miguu mitatu kimeundwa kutupa kila kitu kisichopepesa kwa mwendo huo, ndiyo maana TV haichanganywi na taa ya chumbani. IrDA haina kupepesa kwa namna hiyo, ni mimuliko mifupi mitupu, hivyo kipokezi cha TV kinaiona kama uchafu na kuitupa. Hata rangi ya mwanga si ileile: rimoti iko karibu nanomita 940, IrDA iko kati ya 850 na 900. Na simu yako, angalia, ina taa ya kutuma tu. Haina jicho la kupokea.

Anayetaka kuunda mwenyewe atafute jicho lenyewe la IrDA, kama TFDU4101 ya Vishay, na kipande cha kubadilisha biti ziwe mimuliko, MCP2120 ya Microchip. Ukifunga jicho moja kwa moja kwenye USB ya seriali bila kipande hicho haitafanya kazi, maana USB inatoa biti nzima wakati jicho linataka sehemu ile 3 kwa 16. Zipo pia za USB zilizo tayari, zenye chipu ya STIR4200 au MCS7780, na kerneli za zamani zilikuwa na driva zake. Lakini mwenzetu tayari ana T42. Hana sababu ya kununua chochote.

Simu yako ina kazi moja hapa, na ni kubwa. Washa kamera ya mbele, ielekeze kwenye kidirisha cha laptopu wakati irattach inaita. Utaona kitone cha zambarau kinamulika kila baada ya sekunde chache. Ukikiona, laptopu inatuma kweli. Kamera ya nyuma mara nyingi ina kichujio, usiiamini.

#7 · Mwanakibirizi

Mzee FundiRedio, shikamoo. Nashukuru sana.

Debian 7 imekubali. BIOS kweli ilikuwa imezimwa, nimewasha. Kitone cha zambarau nakiona. Sasa naogopa kitu kimoja: nibadilishe betri kwanza au nitoe data kwanza? Fundi mmoja wa simu mjini ameniambia nizitoe tu, niweke mpya, "kumbukumbu haziendi popote". Sikumwamini.

#8 · FundiRedio · Tabora

Marahaba. Kutomwamini kumekuokoa.

m105 haina hifadhi ya kudumu kwa maandishi ya mtu. Kila alichoandika mzee kiko kwenye hifadhi ya muda inayohitaji umeme muda wote, hata kifaa kikiwa kimezimwa. Ndani mna kapasita ya kuishikilia wakati wa kubadilisha betri, na ilipokuwa mpya ilikupa kama dakika moja. Sasa ina zaidi ya miaka ishirini. Mimi siiamini kwa sekunde tano.

Lakini pia usijaribu kutoa data kwa betri zilizokwisha. Taa ya infraredi inavuta umeme kwa mishtuko, na betri dhaifu itaanguka katikati.

Kwa hiyo fanya kama tunavyofanya redio ya saa. Chukua betri mbili kubwa kidogo, AA mpya, kwenye kikasha chake, zikiwa mfululizo: volti 3, sawa na zile mbili ndogo za rimoti zilizomo. Chovya risasi kwenye ncha za waya nyembamba. Pima chanya na hasi kwa mita, upime tena. Kifaa kiwe kimezimwa. Chomeka ncha ya chanya nyuma ya bati la chanya la mwisho, na ya hasi nyuma ya bati la hasi la mwisho, betri za zamani zikiwa bado zimo. Hakikisha zimegusa. Hapo kifaa kinakula sehemu mbili. Sasa ndipo utoe za zamani, usichelewe, kwa sababu betri mpya huanza kuisukumia umeme ile iliyochoka. Weka AAA mpya, ondoa kikasha.

Nimefanya hivyo kwa vifaa vitatu vya watu na hakuna kilichosahau herufi.

#9 · Dada_Muhesabu · Tabora

Naunga mkono mzee kwa nguvu zote. Mwaka 2004 utafiti mkubwa wa kaya kule kusini, Lindi na Mtwara, wakusanyaji waliingiza majibu kwenye vifaa vya mkononi hapohapo mlangoni, bila karatasi. Mimi niliingia kazi ya takwimu baadaye kidogo, na sheria ya kwanza tuliyofundishwa ilikuwa hii: jioni hulali kabla hujatoa data kwenye kifaa na kuiona kwa macho kwenye kompyuta. Nimewahi kushuhudia mwenzangu akipoteza kijiji kizima kwa betri. Tulirudi nyumba kwa nyumba.

#10 · Mwanakibirizi

Betri tayari! Mkono ulitetemeka lakini niliwasha na kila kitu kipo. Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu bila kusema neno.

Ila irdadump inanipa `xid:cmd` tu. Hakuna `rsp` hata moja. Nimeweka Palm mbele ya laptopu, nimesogeza mbali, karibu, kushoto, kulia. Beam Receive (ruhusa ya Palm kupokea infraredi) iko On. Niko kibarazani kwa sababu ndani hakuna mwanga wa kutosha kuona kioo.

#11 · Reli_ya_Kati · Tabora

Saa ngapi hapo kibarazani?

#12 · Mwanakibirizi

Saa tisa alasiri.

#13 · Reli_ya_Kati · Tabora

Ingia ndani. Jua la saa tisa Kigoma, likipiga ziwani na kurudi, limejaa infraredi kuliko taa yoyote ya Palm. Jicho linapofushwa. Ni sawa na kumwashia mtu kibiriti mchana kweupe na kutaka akuone kutoka ng'ambo.

Chumba chenye kivuli, au funika vyote viwili kwa kanga nene. Umbali uwe sentimita 15 hadi 20, vidirisha vitazamane. Kawaida yenyewe inaruhusu hadi mita moja na kupinda nyuzi 15 kila upande, lakini kwa vifaa vya umri huu usiitumainie. Usivigusanishe pia, karibu mno jicho linazidiwa. Na weka juu ya kitabu au ubao, visishikwe kwa mkono.

#14 · Mwanakibirizi

ALLAHU AKBAR. Nimefunika kwa kanga ya mama. `xid:rsp` imekuja ndani ya sekunde tatu, na jina la baba limeandikwa pale kwenye skrini!

Kwenye HotSync ya Palm (sehemu yake ya kuoanisha na kompyuta) nimechagua IR to a PC/Handheld, Local. Kwenye laptopu `pilot-xfer -p /dev/ircomm0 -l`, ikaniambia nibonyeze HotSync, nikabonyeza, orodha ya hifadhidata ikatoka yote. Nikaingia kwenye kazi yenyewe:

`pilot-xfer -p /dev/ircomm0 -b palm_baba`

Inachukua faili kama kumi hivi halafu inakatika. Mara tatu sasa, kila mara mahali tofauti.

#15 · Reli_ya_Kati · Tabora

Mahali tofauti maana yake faili zako ni nzima, njia ndiyo inayoyumba. Punguza kasi. Toka kwenye pilot-xfer, halafu:

`echo 38400 > /proc/sys/net/irda/max_baud_rate`

Mmuliko wa kasi ndogo unakaa muda mrefu zaidi, jicho lililochoka linaukamata. Utapata chini ya kilobaiti 4 kwa sekunde, na kwa kweli pungufu ya hapo, kwa sababu infraredi haiwezi kusema na kusikia kwa wakati mmoja. Kila upande unamaliza, unanyamaza, unampisha mwenzake. Kama ana kilobaiti mia sita, hesabu dakika nne au tano. Zima pia kuzima-kwenyewe kwa skrini ya laptopu, na uipange isilale.

#16 · Mwanakibirizi

Imemaliza. Dakika sita. Haikukatika.

Nimenakili folda nzima kwenye fleshi mbili, moja iko kwa shangazi Ujiji. Nimefungua MemoDB.pdb kwa kihariri cha kawaida, naona Kiswahili cha baba katikati ya alama za ajabu. Nashindwa kueleza nilivyojisikia.

Maswali mawili: nazitoaje zikiwa safi, na kwa nini tarehe nilizojaribu kuzisoma kwa programu niliyoandika zinatoka za mwaka 2070 na kitu?

#17 · Dada_Muhesabu · Tabora

Palm inahesabu sekunde tangu 1 Januari 1904. Linux inaanzia 1970. Toa 2,082,844,800 kwenye kila namba, utarudi kwenye mwaka wako.

Muundo wa PDB, yaani faili za Palm, ni mwepesi. Kichwa cha faili ni baiti 78, na baiti mbili za mwisho wake ni idadi ya rekodi. Baada yake kila rekodi ina baiti nane: nne za kwanza zinasema inaanzia wapi ndani ya faili, moja ni ya alama, tatu ni namba yake. Namba zote zimeandikwa kuanzia baiti kubwa, kinyume cha kompyuta zetu za kawaida, kwa hiyo ukitumia Python weka alama ya `>` kwenye struct. Nenda pale rekodi inapoanzia, soma mpaka baiti ya sifuri, hiyo ndiyo kumbukumbu moja. Maandishi yamesimbwa kwa CP1252, jedwali la herufi la Windows. Kiswahili chetu hakina herufi za pembeni, kwa hiyo kitatoka kisafi bila kugeuzwa.

Jambo moja la heshima. Ile baiti ya alama, ikiwa na 0x10 ndani yake, mzee aliificha rekodi hiyo kama ya siri. Palm haiifungi, inaificha machoni tu, na kwenye faili lako iko wazi. Muulize kabla ya kuisoma.

#18 · Mwanakibirizi

Dada, nimekuelewa na nimefanya hivyo. Zilikuwa 11. Mzee aliniambia nane ni madeni ya watu na nizifute kwenye nakala yangu, nimezifuta mbele yake. Tatu akasema nisome, ni boti tatu alizozikosea na hakutaka wateja wajue.

#19 · Kijana_Ujiji

Samahani kuingilia, mimi nina Nokia 6230 ya marehemu mama, ina meseji zake. Njia hii inafaa?

#20 · Reli_ya_Kati · Tabora

Pole sana ndugu yangu. Tabaka la chini ni lilelile: irattach, irdadump, kusubiri `rsp`. Juu yake badala ya pilot-link utatumia Gammu au gnokii. Kwako ni rahisi zaidi, simu haisahau ikikosa betri, na 6230 ina Bluetooth, kwa hiyo jaribu hiyo kwanza kwenye Linux yoyote ya leo. Fungua uzi wake, nitakuja.

#21 · Mwanakibirizi

Naleta mrejesho wa mwisho.

Kumbukumbu zote 340 zimechapwa, mdogo wangu amezitia kwenye jalada la plastiki pale bandani. Jana tulikaa na mzee kwenye zile boti tatu. Moja ni ya mwaka 2009, futi 32, aliandika hivi: "Taruma la tano na la sita mbali mno, inchi 22. Mbao imepinda ikipigwa na wimbi la kusini. Rudi 18." Mimi na mdogo wangu tulikuwa tumepima inchi 21 kwenye boti iliyoko bandani sasa hivi. Tumebomoa mataruma mawili asubuhi ya leo.

Mzee anataka kuendelea kuandika kwenye Palm yake, hataki simu. Nitakuwa natoa nakala kila Jumamosi jua likishazama. Je, lazima nisubiri dakika sita kila mara?

#22 · Reli_ya_Kati · Tabora

Hapana. Badala ya `-b` tumia `-u` kwenye folda ileile, itachukua zilizobadilika tu. Ila kila mwezi fanya moja kamili kwenye folda mpya yenye tarehe. Na ikitokea Palm imesahau kila kitu, usibonyeze HotSync kwa mazoea ukidhani itajirudisha. Weka betri, kisha `-r` kutoka kwenye folda kamili ya mwisho.

#23 · FundiRedio · Tabora

Na kikasha cha AA kiache juu ya rafu na waya zake, usikifungue. Msalimie mzee. Mwambie nauliza mninga wa futi 32 siku hizi anaupata wapi, huku kwetu misitu imesogea mbali.